Sakafu ya Mninga

Keraryo aliingia na viatu vyenye tope, makusudi. Alitembea hadi katikati ya sakafu mpya, akasimama, akageuka kutazama alama alizoacha, na moyo wake ukaridhika.

"Mbao," alimwambia mdogo wake, Mwandu. "Watu wazima wameweka mbao chini. Sisi tunawekaga darini, zikae na popo."

Walikuwa wametoka Buswahili alfajiri, wakaja Kamunyonge kuiona nyumba itakayomchukua Lucy, binti wa Keraryo. Mshenga alisema nyumba ya Yuliana inataka mke, na ng'ombe kumi na wanane wapo tayari. Bila ng'ombe hao Mniko, mtoto wa kiume wa Keraryo, asingeoa, na wazazi wa mchumba wake walishaapa kwamba hawavuki Krismasi wakimsubiri. Lakini kumhitaji ng'ombe si kumheshimu mwenye ng'ombe.

Yuliana, mama mwenye mvi na mabega mapana, alikaa kitini akiwatazama. Aliyepiga magoti kufuta tope ni kijana mrefu aliyeitwa Isaya, vumbi la mbao limemkaa hadi kwenye nyusi.

"Huu ni mninga, mzee," Isaya alisema. "Mchwa hawaugusi. Asubuhi ukishuka kitandani mguu haushtuki kwa baridi. Ukichubuka unaupiga msasa, unapaka vanishi, unarudi mpya. Wajukuu zako watazeeka wauache hapa."

"Mkwe wangu wa Bunda, pale Kabasa, ana marumaru. Ukiinama unajiona uso."

"Na maji yakimwagika?"

Keraryo alijinyoosha mgongo. Kiuno kilikuwa kinamuuma tangu Pasaka, alipoteleza kwenye marumaru hizo mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi. Hilo halikumhusu kijana huyu.

"Kwanza tangu lini mwoaji akajisemea mwenyewe?" alifoka. "Wajomba zako wako wapi? Unasugua sakafu kama mwali, halafu unataka mke."

"Mzee, mimi si..."

"Si kitu. Hata mimi naona."

Mwandu alicheka hadi akakohoa. Yuliana hakucheka.

"Lucy anapenda watoto?" aliuliza.

"Atakuzalia mpaka uchoke kuwabeba."

"Ndiyo maana nimeweka mbao. Mtoto akitambaa kwenye saruji kifua kinambana. Na Lucy mwenyewe kapapenda. Alikuja na shangazi yake wiki iliyopita, akavua viatu, akatembea chumba hadi chumba. Akasema hapa atakaa, hata mkikataa ninyi."

Keraryo alibetua midomo. Msichana wa kupenda mbao, na mwanamume wa kuzifuta: chungu kimepata kifuniko chake. Aliwaza Krismasi. Akawaza Mniko anavyomtazama siku hizi, bila kusema neno.

"Haya," alisema, akisimama wima. "Mbele ya ndugu yangu, na Mungu anasikia, binti nimewapa. Neno la Keraryo likitoka halirudi." Akamtupia Isaya jicho. "Ingawa nilitaraji mwanamume."

Yuliana aliinuka taratibu. Alipitisha unyayo wake mtupu juu ya mbao, kama anayepapasa mgongo wa ndama.

"Isaya, kazi yako ni safi," alisema. "Kusanya randa zako uende. Msalimie mkeo na mapacha."

Isaya alifunga sanduku la vifaa, akaaga kwa adabu, akatoka.

Mwandu alikuwa ameacha kucheka. Yuliana alimnyooshea Keraryo mkono, akakunja goti kwa heshima.

"Karibu ukae, baba mkwe. Mimi Mungu hakunijalia mtoto wa kiume, na mila yetu inamruhusu mwanamke kama mimi kuoa mke amzalie. Lucy ninamwoa mwenyewe."