Katibu Aliyeandika Kimya

Tangu sheria itamke kwamba neno lisiloandikwa na katibu mashine halikusemwa, kila kikundi huchagua katibu wake. Katika ushirika wetu wa ushonaji, mimi ndiye niliyempigia debe yule aliyefunga vikao upesi, kwa maana anayenyamaza humwandika kuwa amekubali.

"Hapo umetufaa, Mama Saumu! Leo hatutaunguza maharage," mwenyekiti alisema.

Jumamosi nilimwazima katibu huyo, kwa kuwa posa ya binti yangu nayo ni kikao. Washenga walipomuuliza Saumu kama anamtaka mchumba, aliinama akalia bila sauti.

"Ameridhia," katibu akasoma.

"Andika kwamba analia!" nikasema.

"Kikao kimefungwa, mama."

"Kila mwari hulia, bibie," mshenga mmoja akanituliza, huku akimega halua.

Saumu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.