Dalali na Nyumba Inayonuka

Friji ilipofunguka, dalali aliruka hatua mbili nyuma, mgongo ukagonga kabati. Nyama iliyokuwamo ilikuwa imegeuka uji wa kijani, na ndani ya uji ule funza walijiviringisha bila haraka, kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima.

"Ndiyo mambo ya mzee hayo," alisema kijana mkubwa wa nyumba ile, pua ameiziba kwa kola ya shati. "Mchafu kupindukia. Tulimsema mpaka tukachoka."

Dalali alikuwa mama wa makamo, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuza nyumba za watu. Alishakutana na popo darini na vyoo vilivyofurika hadi sebuleni. Akabana pumzi, akachungulia pakiti ya maziwa iliyovimba mlangoni mwa friji. Ilitoka kiwandani wiki tatu zilizopita. Mzee alikuwa ameondoka katika nyumba ile miezi miwili kabla, na hakuondoka kwa miguu yake.

Akafunga friji polepole.

"Nani analala hapa siku hizi?"

"Hakuna. Labda mara mojamoja, mimi na washkaji."

Washkaji hao walikuwa wameacha chupa chini ya kochi, vichungi vya sigara ndani ya chungu cha maua, na juu ya godoro la mzee doa la matapishi lililokauka likapasuka kama tope la kiangazi. Dalali aliandika kila kitu kwenye daftari lake.

"Mama, wewe usijisumbue kuandika," kijana alisema. "Nyumba iondoke tu. Nina mtu wangu, hata kesho yuko tayari." Akataja bei ya mtu wake.

"Hiyo ni bei ya kiwanja kitupu, kaka. Nyumba yenyewe mnampa bure?"

"Si mzigo tu huu?"

"Nipeni siku tatu."

Chumbani, dada mtu alikuwa na mabegi mawili makubwa, akichambua kabati la nguo: kinachouzika begini, kisichouzika sakafuni. Alimvuta dalali kwenye korido, akashusha sauti.

"Niambie ukweli, mama. Kaka kakuahidi nini? Namjua, atanizunguka kwenye urithi."

"Hajaniahidi kitu."

Haikupita hata nusu saa, kaka mtu naye akamfuata jikoni. "Huyu dada yangu kakupa ufunguo lini? Mbona hakuniambia kama katafuta dalali?"

"Kazi yangu ni kuuza, kaka. Ugomvi wenu sijauandika popote."

Maji ya friji yalikuwa yameanza kutambaa kuelekea kwenye korido, yakibeba harufu ya kitu kilichokufa mara mbili. Dada mtu alipiga kelele, akarudi kabatini, akachomoa koti la suti la kijivu, lingali ndani ya nailoni ya dobi. Akaichana nailoni, akalitupa koti juu ya uchafu ule na kulisukuma huku na huku kwa unyayo wa kiatu.

"Lakini hilo koti ni zima," dalali alisema.

"Huko aliko anavaa suti ya nini?"

Kaka mtu aliangua kicheko. Dada mtu naye akacheka, mguu bado unasugua.

Dalali alitoka uani akatapika kando ya mfereji. Friji ilikuwa imemshindwa. Wale wawili ndio waliomuweza. Alisukutua kwa maji ya bomba, akakaa pale kwa muda, mikono magotini, akitamani kuoga.

Kesho yake alileta wanawake wawili wa usafi, naye mwenyewe akakunja mikono na kumwaga maji ya moto yenye dawa. Friji ilitolewa na vijana waliojifunga vitambaa usoni, nalo godoro likachomwa. Mtu wa kijana alipokuja, dalali alimtajia bei halisi, naye mtu huyo akaondoka akinung'unika. Kuna waliotaka kununua kwa maneno matupu, nao aliwaaga getini.

Siku ya tatu walifika mkunga na mume wake. Kabla hawajauliza, dalali aliwaonyesha ufa wa bafuni na bati linalovuja juu ya stoo. Mume alimtazama mkewe. "Huyu hatudanganyi," alisema, na jioni ile ile wakakubali bei, karibu mara mbili ya ile ya mtu wa kijana.

Simu ya dalali iliita kabla hajafika kwenye gari.

"Nimesikia umeuza, mama. Kuwa macho na dada yangu, ana tamaa sana yule. Tunagawana lini?"

"Akishasaini mwenye kusaini."

"Si mimi huyu hapa? Kalamu ninayo."

"Nimekusikia, kaka," alisema, akakata simu, akaifuta kwenye sketi kama iliyodondokea jalalani.

Asubuhi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo lililonukia dawa na sabuni, akapita vitanda sita, akasimama kwenye cha saba.

"Shikamoo, baba. Nimempata mtu wa ile nyumba yako uliyonituma niiuze."

Mzee alijiinua kwa kiwiko, mguu wake wenye plasta ukining'inia kwenye kamba. "Marahaba, mwanangu. Na wanangu je? Kuna hata mmoja aliyekuuliza naendeleaje?"

Dalali alifungua mkoba, akatoa mkataba, akamwekea kalamu mkononi.