Kaa wa Mkwe Mpya

Mkoba uliokuwa mapajani mwake ukakwaruza tena. Mkwe mpya akakohoa haraka kuuficha mlio.

"Unaumwa, mwanangu?" mama mkwe akauliza kutoka kiti cha mbele cha gari.

"Vumbi tu, mama."

Familia alimoolewa ilisifika kwa kuvua kaa. Kila mwaka walishinda siku nzima miambani, na aliyerudi mikono mitupu alitaniwa hadi basi. Shemeji yake alikosa mara moja tu. Mpaka leo anaitwa Ndoo Kavu. Yeye, fundi cherehani asiyejua hata kaa anashikwa wapi, hakutaka kubandikwa jina la namna hiyo na ndoa bado mbichi. Ndiyo maana jana alipitia sokoni.

Walipofika, kila mtu alijichagulia mwamba wake.

"Kaa hapendi kelele," baba mkwe alionya, akaenda zake na begi ambalo hata mkewe haruhusiwi kulibeba.

Haukupita muda akapiga kelele yeye mwenyewe: "Nimempata!" Mara Ndoo Kavu naye akamnasa wake. Vipande vya samaki walivyofunga nyavuni kama chambo vilirudi vizima, bila hata alama ya kuguswa. Mkwe alivitazama. Watu hawa wana mkono wa bahati, aliwaza.

Akajibanza nyuma ya jiwe, akatoa kaa wa sokoni na mkasi wake wa kazi. Akakata uzi uliofunga gando moja, akamtia kaa wavuni, akauzamisha, akauvuta.

"Jamani, nimempata!"

Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza. Akamshika kaa, akamgeuza. Gando la pili lilikuwa bado limefungwa kwa uzi wa kijani, fundo la muuzaji likiwa palepale.

Mkwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yao, baba mkwe na Ndoo Kavu walikuwa wanakuja mbio na ndoo.

"Lete mkasi," mama mkwe akanong'ona, akiwapa mgongo. Akakata uzi, akautia mfukoni, kisha akamwinamia sikioni.

"Mwakani ukate nyumbani, kama sisi. Na uwahi sokoni. Ndoo Kavu mwaka ule alikuta wameisha."