Mtungi Uliofungwa kwa Kanga

Friji kubwa la Bi Mashavu liliacha kupoza asubuhi, nalo limejaa maziwa ya majirani ya kuuza. Fundi Kheri akapaka povu la sabuni kwenye bomba. Mahali palipotoboka, sabuni ikatoa mapovu makubwa: gesi ya kupozea ilikuwa ikivuja.

“Iachie gesi itoke, uzibe upesi,” Bi Mashavu akamwambia. “Mafundi wote hufanya hivyo. Maziwa hayamngoji mtu, baba.”

“Nitaivuta kwanza humu, mama.” Kheri akaonyesha mtungi mtupu. “Ikitoka inakwenda juu angani kutuzidishia joto hili linalokausha majani. Tulilonalo halikutoshi?”

“Linanitosha na la kugawa! Lakini yakiharibika, majirani nitawaambia nini?”

 Kheri akashika koki ya mtungi, akimngoja. Bi Mashavu akatazama nje, ng’ombe wa jirani wanalamba vumbi palipokuwa na majani.

“Haya, vuta,” akasema. Akakunja mikono ya gauni, akaanza kumimina maziwa kwenye vibuyu, yawe mtindi badala ya kumwagwa.

Kheri akaziba tundu, akatia gesi nyingine, na alasiri friji likanguruma. Kheri akaupakia mtungi kwenye baiskeli, gesi ile ikasafishwe itumike tena, lakini kamba hakuwa nayo. Bi Mashavu akavua kanga ya mabegani, akaufunga mwenyewe, akakaza fundo.

“Ahsante, mwanangu. Wale ng’ombe wangejua, wangekuja kukushukuru.”

“Kanga nitairudisha, mama.”

“Rudi nayo unywe mtindi.”

Akasimama mlangoni, akaitazama kanga ikienda na barabara. Nyuma yake, vibuyuni, maziwa yalikuwa yameanza kuganda.