Ulimi wa Mwenzako

Katika bustani ya michezo ya Ihumwa palikuwa na mkahawa ambapo watu wawili waliweza kubadilishana ladha: kila mmoja alionja chakula kwa ulimi wa mwenzake kwa mlo mmoja, au zaidi wakipenda. Yudita alitamani kujaribu, lakini mumewe, Chilongani, alisita mlangoni.

"Twende zetu, mama Ndahani. Hapa si mahali pa watu wazima."

Yudita hakumwelewa. Mtu huyu alikuwa amepanda kila kitu kilichozunguka na kupinduka humo bustanini, sasa anaogopa sahani ya wali? Akamvuta mkono wakaingia. Mhudumu aliwabandika vidude nyuma ya masikio, akawaletea wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Yudita akatia tonge mdomoni. Hakusikia ladha yoyote. Akaongeza pilipili, akatafuna tena. Ilikuwa kama kula karatasi iliyolowa.

"Mashine yao mbovu," alisema, akainua macho.

Chilongani alikuwa akila huku machozi yanamtoka.

"Baba Ndahani, tangu lini?"

"Nilizaliwa hivyo." Hakuacha kula. "Kumbe nazi iko hivi!"

Na miaka yote ya ndoa alikuwa akimsifia mapishi. Yudita hakujua amkasirikie au amkumbatie.

Mhudumu akaja kuondoa sahani. "Niwarudishie ladha zenu, au mtaondoka hivyo hivyo?"

Chilongani akainamisha kichwa. Yudita akafungua mdomo kujibu, na bado hakujua atasema nini.