Balozi Nungunungu na Sheria ya Wakimbizi

Nungunungu alikuwa balozi wa wanyama wa mashimoni, na kwa maneno matamu hakuwa na mshindani. Moto ulipoteketeza nyika ya jirani, mataifa yote ya wanyama yalikutana, naye akapendekeza sheria: kila anayekimbia moto apokewe, hata akivuka mpaka.

"Mimi mwenyewe mlango wangu haufungwi," akasema. Wakampigia makofi.

Ndipo akamwona Mama Digidigi ameketi nyuma na mtoto mmoja. Juzi mama huyo alipiga hodi kwake akiwa na watoto wawili, naye akamsimamishia miiba.

Swala, aliyekuwa mwenyekiti, akauliza, "Yupo shahidi wa maneno ya balozi?"

Mama Digidigi akainuka. "Nipo. Nilifika kwake, akanipokea vizuri."

Sheria ikapita bila kupingwa. Walipotoka, Nungunungu akamfuata mbio. "Mama, mbona hukunisema?"

"Ningekusema, sheria ingeanguka. Dada zangu bado wako njiani."

Nungunungu alitaka kuomba radhi, lakini akamtazama yule mtoto mmoja, akashindwa hata kuuliza mwenzake yuko wapi.