Mume wa Kwanza Orodhani

Siku hizo nyumba ndizo zilizopeleka chakula, na kila nyumba ilisoma orodha yake ya majina kabla ya kuuliza daftari la mji.

"Mpelekee mume wangu pilau," Mwanahija aliiambia nyumba. Kidege cha nyumba kikaruka na bakuli, kikatua kwa Shekue, mtalaka wake, aliyekuwa bado ameandikwa "mume" orodhani.

"Mara ya tatu hii, mke wangu!" Sufiani alilalamika simuni. "Yeye anashiba, mimi nashindia maji!"

Mwanahija akaona haya. Akaandika jina la Sufiani juu kabisa, la Shekue akaliacha chini yake.

Jioni Sufiani akaisoma orodha. "Na huyu je?"

"Asipoitika wa kwanza, nyumba humuuliza wa pili. Ndiyo kawaida yake."

Tangu hapo Sufiani huitika mara moja, hata akiwa bafuni na povu machoni.